Uzi, Kufuli na Mkwamo: Istilahi za Programu za Nyuzi Nyingi

Miongoni mwa makaratasi yaliyopata kuletwa mezani kwangu ili yasahihishwe lugha, palikuwa na tafsiri ya masomo ya kutunga programu za kompyuta. Mfasiri wake alikuwa mtu mwenye bidii, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Lakini kila alipolikuta neno la Kiingereza "deadlock" aliandika "kufuli lililokufa", na "race condition" akaiita "sharti la mbio". Mwalimu aliyekwisha kuyatumia masomo hayo alinieleza kwamba wanafunzi wake walishinda siku nzima wakilitafuta hilo kufuli bovu katika programu yao ili waliondoe. Kufuli bovu halikuwapo. Makufuli yote yalikuwa mazima. Kasoro ilikuwa katika utaratibu wa kuyafunga.

Katika makala haya nitajaribu kueleza matatizo yanayowapata mara kwa mara watungaji wa programu za nyuzi nyingi, hasa wale wanaofuata kanuni za POSIX, na kupendekeza majina ya matatizo hayo. Mapendekezo ni yangu mwenyewe, wala hayajapata kusanifiwa.

Kwanza hapana budi tuelewane juu ya uzi. Programu ni mfululizo wa maagizo; inapoendeshwa na mashine huitwa mchakato. Mchakato mmoja waweza kuwa na nyuzi kadhaa, yaani njia kadhaa za utekelezaji zinazokwenda kwa wakati mmoja, kila uzi ukifuata maagizo yake, lakini zote zikitumia kumbukumbu ile ile. POSIX ni jina la viwango vya IEEE, chama cha wahandisi chenye makao yake Marekani, vilivyowekwa ili programu iliyoandikwa kwa mfumo endeshi mmoja wa jamii ya Unix iweze kuhamishiwa mfumo mwingine bila kuandikwa upya. Sehemu inayohusu nyuzi ilipitishwa mwaka 1995. Wako wanaopendelea "mkondo" badala ya "uzi", na kwa kweli neno hilo lina uzuri wake. Lakini mkondo tunauhitaji kwa ajili ya data zinazotiririka kutoka mahali hadi mahali, na istilahi moja haifai kubebeshwa dhana mbili katika taaluma moja. Kwa hiyo nashikilia uzi.

Tatizo la kwanza ndilo lile lililoitwa "sharti la mbio", na neno lake sikulipata ofisini, nililipata Momela. Maziwa ya Momela, kama wajuavyo wakazi wa Arusha, yana maji ya magadi yasiyofaa kumwagilia shamba. Wakulima wa pande zile za Mlima Meru hutegemea vijito vinavyoteremka kutoka mlimani, na maji hugawanywa kwa mifereji na kwa zamu. Nilikuwa huko kwa baba mkubwa, tukaona watu wawili wakiharakia penye tundu la mfereji kabla ya mapambazuko, kila mmoja akitaka kuyageuzia maji shambani kwake kabla mwenziwe hajafika. Nikauliza kuna nini. "Hao wanawahiana maji, mwanangu," akasema, "na leo hapana atakayemwagilia vizuri."

Kuwahiana ndiyo dhana yenyewe. Tuchukue mfano wa hesabu ya fedha. Katika kumbukumbu mna salio la shilingi 50,000. Uzi wa kwanza unataka kuongeza 10,000, na wa pili 5,000. Kazi hiyo, ingawa kwetu yaonekana kuwa ni moja, kwa mashine ni hatua tatu: kusoma salio, kujumlisha, kuandika jumla. Uzi wa kwanza unasoma 50,000. Kabla haujaandika, wa pili nao unasoma 50,000. Wa kwanza unaandika 60,000, wa pili unaandika 55,000 juu yake. Shilingi 10,000 zimepotea, na hapana agizo hata moja lililokosewa. Kesho programu ile ile yaweza kutoa 65,000 sawasawa, kwa kuwa nyuzi zilipishana vingine. Hapo ndipo ugumu ulipo: kosa halijirudii linapotafutwa.

Neno "mbio" linapotosha kwa sababu linadokeza kwamba kasi ndiyo kosa, na kwamba yuko mshindi. Ukipunguza kasi ya mashine, hitilafu yabaki pale pale. Tena "sharti" si mahali pake. Neno la Kiingereza "condition" lina maana ya hali na maana ya sharti, na hapa ni hali tu. Napendekeza "hitilafu ya kuwahiana".

Asidhani mtu kuwa jambo hili ni la mzaha wa wanachuo. Kati ya mwaka 1985 na 1987, miaka mingi kabla ya nyuzi za POSIX, mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mojawapo ya hitilafu zilizogunduliwa ilikuwa ya kuwahiana: mwendeshaji alipoyasahihisha upesi maandishi yake kwenye skrini, kazi moja ya programu ilikuwa imekwisha kusoma yale ya awali.

Dawa ya kuwahiana ni kufuli. Uzi unaotaka kugusa salio hulifunga kwanza, hufanya hatua zake tatu, kisha hulifungua. Uzi mwingine ukija, hungoja. Neno kufuli latosha, maadamu mwalimu ataeleza tofauti moja. Kufuli la mlangoni hufunguliwa na yeyote mwenye ufunguo, lakini kufuli la POSIX halina budi kufunguliwa na uzi ule ule uliolifunga. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kulifunga na kusahau kulifungua katika ile njia ya pembeni ambayo programu huipita inapokutana na dosari. Kosa jingine ni kufunga makufuli mengi mno, hata nyuzi kumi zikafanya kazi ya uzi mmoja.

Na hapa ndipo tunapolirudia lile "kufuli lililokufa". Mkulima mmoja ameshika zamu ya maji lakini hana chepe la kuzibulia mfereji. Jirani yake analo chepe, naye hataki kuliachia mpaka apate maji. Kila mmoja angoja kile alicho nacho mwenziwe, na maji yapita bure. Katika programu, uzi wa kwanza umefunga kufuli A na kungoja B, na wa pili umefunga B na kungoja A. Wengi husema "mkwamo" tu, nami sina ugomvi nao, ila gari likinasa matopeni nalo limekwama, bila ya kumngoja mtu. "Mkwamo wa kungojana" unaonyesha sababu, na ukionyesha sababu unaelekeza kwenye dawa, ambayo ni nyuzi zote kuyafunga makufuli kwa mpango mmoja: A kwanza, B baadaye, daima.

Sharti la kweli lipo mahali pengine. POSIX ina chombo cha kuuwezesha uzi ulale mpaka jambo fulani litimie; hicho naona kiitwe "kigeu cha sharti". Kanuni zenyewe zinaruhusu uzi uliolala uamke bila ya kuamshwa na uzi wowote. Mlinzi aliyelala kando ya mfereji akisubiri maji huweza kushtushwa na mbwa. Akiamka hatoki mbio na jembe, hutazama kwanza kama maji yamefika, na kama hayajafika hulala tena. Vivyo hivyo uzi ukiamka lazima ulipime sharti upya, kila mara, na anayelipima mara moja tu amejitafutia matatizo. "Kuamka bila kuamshwa" ni jina refu kidogo, lakini halimdanganyi mtu.

Kuna na kitenzi kimoja kinachotafsiriwa vibaya karibu kila nikionapo. Agizo la "join" huandikwa "unganisha". Hakuna kinachounganishwa. Uzi mmoja unangoja mwingine umalize kazi yake, basi. Jambo hili lina uzito, kwani uzi mkuu ukifika mwisho wa shughuli yake na kurudi bila ya kuwangojea wenziwe, mchakato wote hufungwa na nyuzi zilizobaki hukatwa kazi zikiwa nusu. Mwanafunzi aliyesoma "unganisha" hana njia ya kulitambua hilo. Aliyesoma "ngoja tamati" analo jibu mkononi.

Yamebaki mawili ambayo sijaridhika nayo. Uzi unaopitwa na wengine kila mara, usilipate kufuli hata siku moja, kwa Kiingereza husemwa kuwa una njaa. Nimejaribu "kunyimwa zamu", ingawa mara nyingi hapana anayeunyima kwa makusudi. La pili ni la nyuzi mbili zinazopishana kama watu wawili kwenye njia nyembamba, huyu akisogea kushoto na yule naye kushoto, wote wakiwa katika mwendo na hapana anayepita. Si mkwamo, kwa kuwa kazi inafanyika; wala si maendeleo. Kwa muda nimeandika "kupishana bure". Msomaji mwenye neno lililo bora, hasa likiwa linatumika tayari kwao kwa jambo la namna hiyo, na aliandikie Baraza, akitaja mahali linaposemwa na mfano mmoja wa matumizi yake.