Paka Wengi Nyumbani: Tuondoe Harufu na Ugomvi, Tusiwatupe

Katika miji yetu ya mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, ni jambo la kawaida kumkuta paka katika nyumba ya Muislamu. Hulinda stoo dhidi ya panya, watoto humpenda, na wazee humwekea kichwa cha samaki baada ya chakula cha mchana. Tatizo huanza pale paka mmoja anapozaa, wakawa wanne, kisha sita. Nyumba huanza kunuka mkojo, usiku paka hupigana sebuleni, mswala hukutwa umelowa kabla ya Alfajiri, na watu wa nyumba huanza kulaumiana. Mwisho wa mvutano huo mara nyingi huwa ni gunia: paka hutiwa ndani, wakapelekwa sokoni au wakaachwa nje ya geti la msikiti, ikidhaniwa kuwa watu wa msikitini watawalea.

Ndugu msomaji, harufu na ugomvi wa paka aghalabu si matatizo mawili. Ni tatizo moja lenye chanzo kimoja, nacho ni namna tulivyowapangia nafasi viumbe hawa. Chanzo kikirekebishwa, nyumba hutoharika na paka hutulia.

Paka si najisi, mkojo wake ni najisi

Kuna mkanganyiko unaohitaji kuondolewa kwanza. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kuwa sahaba Abu Qatada (R.A.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa. Mkwewe alipoonesha mshangao, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzungukia majumbani mwetu. Kwa hiyo mwili wake, manyoya yake na maji aliyoyabakisha havina tatizo.

Lakini wapo wanaoichukulia hukumu hiyo kuwa inajumuisha na mkojo wake. Sivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu huku mwambao tunayafuata, mkojo na kinyesi cha paka ni najisi, na mahali pa kuswalia panapaswa kutoharishwa. Kwa hiyo suala la harufu haliishii kwenye usafi wa kawaida, bali linagusa sharti la swala.

Kwa nini harufu hairejei kwenye udhibiti

Mkojo wa paka ni mzito. Asili yake ni paka mwitu wa nchi kavu, ambaye mwili wake umezoea kubana maji. Vijidudu vinapouvunja mkojo huo hutoka amonia, ile harufu kali inayochoma pua. Aidha, ndani yake kuna asidi ya yuriki, ambayo hujishika kwenye nyuzi za zulia na godoro na haiyeyuki kwa urahisi katika maji. Ndiyo maana zulia lililooshwa na kuonekana safi hunuka tena siku ya mvua au ya joto lenye unyevunyevu. Nasi tunaoishi karibu na bahari tuna unyevunyevu karibu mwaka mzima.

Mkojo ukiwa bado mbichi, gandamiza kitambaa kikavu mpaka ufyonzwe. Usisugue, kwani kusugua huusambaza. Kisha tia siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, au sabuni maalumu yenye vimeng'enya inayopatikana katika baadhi ya maduka ya dawa za mifugo. Iache kwa muda, kisha ifyonze kwa kitambaa. Baada ya hapo mimina maji safi yaenee mahali pote palipoguswa na mkojo. Hatua hii ya mwisho isirukwe, kwani siki na sabuni huondoa harufu, lakini kwa mujibu wa madhehebu hayo kinachotoharisha ni maji. Kisha anika juani. Ikiwa baada ya kuosha kwa bidii imebaki harufu peke yake, au rangi peke yake, ambayo ni tabu kuiondoa, mafakihi wameeleza kuwa hiyo imesamehewa. Vikibaki vyote viwili kwa pamoja, uoshaji uendelee.

Hapa pana tahadhari kubwa. Dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, isimwagwe juu ya mkojo wa paka. Klorini ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu inayoweza kuumiza mapafu, hasa katika choo kidogo kisicho na dirisha. Vilevile, dawa za kuua vijidudu ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini ni hatari kwa paka, kwani hukanyaga sakafu na kisha hujilamba nyayo.

Beseni la mchanga

Paka ni mnyama msafi kwa maumbile. Akikuta mahali pake pa haja pachafu, au pamelindwa na mwenzake, hutafuta pengine, na pengine hapo ndipo huwa mswala, godoro au kapu la nguo.

Kanuni inayopendekezwa na wataalamu wa mifugo ni beseni moja kwa kila paka, na moja la ziada. Paka watatu, mabeseni manne. Familia yenye chumba na sebule inaweza kuona hili ni gumu. Basi angalau yawepo mawili, na yasikae pamoja. Mabeseni manne yaliyopangwa safu moja, kwa paka ni sawa na beseni moja, kwani mbabe mmoja akikaa mlangoni huwazuia wote.

Si lazima kununua kitu cha gharama. Dumu la lita 20 lililokatwa kwa urefu na kulainishwa kingo zake linatosha. Tia mchanga mkavu au unga wa mbao kwa kina cha sentimita tano hivi. Liweke mbali na chakula, mahali patulivu penye hewa. Kinyesi na mchanga ulioloa viondolewe asubuhi na jioni. Mchanga wote ubadilishwe angalau mara moja kwa wiki, na chombo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida. Kazi hii ipangwe kwa zamu, wala asiachiwe mama peke yake au dada wa kazi. Ni fursa ya kuwafunza watoto amana.

Mama mjamzito, hata hivyo, asiishike. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vimelea hivyo huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo kusafisha kila siku ni kinga. Mtu mwingine afanye kazi hiyo, na nyama iivishwe vizuri, kwani nyama mbichi nayo ni njia ya maambukizi. Hakuna sababu hapo ya kumfukuza paka.

Ugomvi na chanzo chake

Paka huwinda peke yake na hula peke yake. Tunapowawekea sahani moja tukidhani tunawafundisha udugu, tunawafundisha kupigana. Kila mmoja awe na sahani yake, mbali na wenzake, na ikiwezekana wasitazamane wanapokula. Wapate pia mahali pa kupanda, kama rafu au juu ya kabati, ili mnyonge apate pa kukimbilia.

Si kila ugomvi una kelele. Paka anayemkazia macho mwenzake, au anayelala katikati ya mlango ili asipite, tayari yuko vitani. Paka aliyeonewa namna hii ndiye mara nyingi anayekojoa chini ya kitanda. Kumchapa huongeza hofu, na hofu huongeza mkojo.

Paka mgeni asiingizwe ghafla. Akae chumba chake kwa siku kadhaa. Kitambaa alicholalia kipelekwe kwa wenyeji ili waizoee harufu yake, na wale kila upande wa mlango uliofungwa. Kisha waonane kwa muda mfupi mfupi. Wakishikana, usiingize mkono. Warushie shuka au tia ubao katikati yao.

Dume anayesimama, akatikisa mkia na kurusha mkojo ukutani, anaweka mipaka, na mkojo wa dume asiyehasiwa ndio wenye harufu kali kuliko wote. Jike naye anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne hadi sita, huibeba kwa takriban miezi miwili, na anaweza kupata nyingine angali ananyonyesha. Bila ya kudhibiti uzazi, kazi yote iliyotajwa hapo juu itazidiwa. Kuhusu kuhasi, wanavyuoni wametofautiana: wapo waliokataza, na wapo walioruhusu panapokuwa na maslahi na pasipo madhara kwa mnyama. Familia imuulize shekhe inayemwamini, na kazi yenyewe ifanywe na daktari wa mifugo.

Jambo moja halisubiri. Dume anayekwenda mara kwa mara kwenye beseni, akajikamua na kulia bila ya mkojo kutoka, huenda njia yake imeziba. Anaweza kufa ndani ya siku chache. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Asiadhibiwe kwa kudhaniwa kuwa amekuwa mtundu.

Amana haiishii kwenye gunia

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Paka aliyelelewa ndani na kisha kutupwa sokoni hajui mahali pa kupata chakula, na kitoto chake hakina hata meno ya kulia dagaa. Ukumbi wa msikiti nao ni mahali pa ibada. Hauna mlezi wa paka usiku.

Ikiwa kweli wamezidi uwezo wa nyumba, tuwatafutie majirani na jamaa walio tayari kuwapokea, tuwakabidhi mkono kwa mkono, na tuseme ukweli kuhusu tabia zao. Kabla ya kufika huko, tuongeze beseni la pili, tutenganishe sahani, na tuufyonze mkojo ungali mbichi. Nyumba nyingi zitagundua kuwa paka hawakuwa wengi kiasi hicho, bali mahali pao ndipo palipokuwa pachache.

Wabillahi tawfiq.