Unasafiri na mgonjwa? Dawa ziwe mkononi, zisiende kwenye buti

Ilikuwa saa 11 alfajiri, stendi ya mabasi Babati. Mama yangu mzazi, ambaye ana kisukari na shinikizo la damu kwa miaka mingi, alikuwa amejifunga khanga mbili juu ya sweta kwa baridi ya mwezi wa saba. Tulikuwa tunakwenda Unguja kwenye harusi ya mjukuu wake. Basi lingetupeleka Dar es Salaam kupitia Dodoma, kisha tungepanda boti.

Alikuwa ameshachoma insulini nyumbani, kama ilivyo kawaida yake. Nisichokijua ni kwamba hakuwa amekunywa chai, wala maji. Kidonge chake cha kupunguza maji mwilini alikuwa amekiruka makusudi. Hakutaka, kama alivyoniambia baadaye, kuwa bibi wa kusimamisha basi kila nusu saa ili akachimbe dawa.

Begi lenye dawa, mashine ya kupimia sukari na biskuti lilikuwa kwenye buti, chini ya gunia la mbaazi la abiria mwingine.

Tulipita Bonga akisimulia habari za harusi. Tulipofika Kolo alikuwa kimya, nikadhani amesinzia. Nilipomshika mkono nikakuta jasho la baridi na vidole vinatetemeka. Nilimuuliza kama anaumwa, akanijibu maneno yasiyoeleweka. Mama mmoja wa kiti cha nyuma, aliyekuwa na mtoto, ndiye aliyetoa soda kwenye kikapu chake. Mama aliinywa taratibu. Robo saa baadaye akaniuliza, "Tumefika wapi?"

Sukari yake ilikuwa imeshuka. Konda hakuwa na kosa, maana hakuna aliyemwambia kitu. Kosa lilikuwa letu sisi wa nyumbani: tulipanga nguo za harusi wiki nzima, dawa tukazifungasha dakika ya mwisho.

Barabara ya lami ya kilomita 251 kati ya Babati na Dodoma, iliyozinduliwa mwaka 2018, imetufanya tuone safari kuwa jambo jepesi. Kwa mwenye afya njema ni kweli. Kwa mgonjwa, hadi Dar es Salaam bado ni siku nzima ya kukaa, kula kwa kubahatisha na kuwa mbali na kliniki aliyoizoea. Iwe unakwenda harusini, msibani, kumpeleka mtoto shule au kwenye rufaa KCMC, Haydom, Benjamin Mkapa au Muhimbili, maandalizi ni yaleyale.

Kabla ya kukata tiketi

Nenda kliniki wiki mbili kabla ya safari, usisubiri siku moja kabla. Muulize daktari au muuguzi maswali matatu: Je, hali yangu inaruhusu safari hii? Dawa nitameza saa ngapi siku ya safari? Nikizidiwa njiani, niwahi hospitali kwa dalili zipi?

Wapo wanaopaswa kuahirisha au kupata kwanza ruhusa ya daktari. Hao ni pamoja na aliyepata maumivu ya kifua au kiharusi hivi karibuni, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mwenye sukari inayopanda na kushuka ovyo, mtoto anayepumua kwa shida, na mjamzito aliyefikisha wiki 36 au aliyewahi kutokwa damu katika ujauzito huo.

Chukua dawa za siku zote za safari, kisha ongeza za wiki moja. Basi huharibika, boti huahirishwa bahari ikichafuka, na harusi ya siku mbili hugeuka kuwa ya siku tano. Usitegemee kwamba duka la dawa utakalolikuta litakuwa na dawa ileile.

Omba cheti kinachotaja ugonjwa, majina ya dawa na dozi. "Kidonge cheupe cha asubuhi" hakimsaidii daktari wa Dodoma wala wa Unguja. Kama unatumia dawa kali za maumivu kama mofini, cheti hicho ni cha lazima. Beba pia kadi ya kliniki, kadi ya bima na kitambulisho. Piga picha karatasi hizo zote kwa simu, na mpe ndugu mmoja nakala.

Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI au za kifua kikuu, safari si sababu ya kuruka hata siku moja. Wengi huhamishia vidonge kwenye karatasi au kopo lisilo na jina kwa kuogopa macho ya watu. Ukitaka siri yako ibaki yako, weka kopo ndani ya mfuko mweusi, lakini lebo isitoke. Siku ukipoteza fahamu, lebo hiyo ndiyo itakayozungumza kwa niaba yako.

Mkoba mmoja, usiotoka mapajani

Kila mgonjwa anayesafiri awe na mkoba mdogo unaokaa naye kwenye kiti. Hauendi kwenye buti, hauwekwi juu kwenye keria, na haupewi mtu wa kushikia. Ndani yake ziwemo dawa zote, cheti, maji ya kunywa, chakula kisichoharibika haraka, na kitu chenye sukari kwa mwenye kisukari. Weka pia pakiti mbili za ORS, kitambaa, mifuko ya kutapikia, na karatasi yenye namba ya simu ya ndugu.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu kati ya nyuzi joto 2 na 8. Uliyoanza kuitumia inaweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne, kutegemea aina yake, mradi isipate joto kali. Soma karatasi iliyomo kwenye boksi au muulize mfamasia. Buti hupata joto, na dirisha lenye jua pia halifai. Barafu nayo ni adui: insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Njia rahisi ni kuizungushia kitambaa kikavu na kuitia kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, ambayo imesuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa. Sindano zilizotumika weka kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Usizitupe dirishani, kuna watoto wanaochunga mifugo kando ya barabara.

Kama safari ni ya rufaa, mkoba huohuo ubebe barua ya rufaa, majibu ya vipimo na picha za eksirei. Mgonjwa aliyefika Moshi huku karatasi zake zimebaki Babati huanza upya, kwa muda na kwa fedha.

Ndani ya basi

Omba kiti cha mbele, upande wa njia. Kabla basi halijaondoka, mwambie konda kwa ufupi: "Kijana wangu, nina kisukari, naweza kuomba kusimama." Konda aliyeambiwa stendi hukusikiliza vizuri kuliko aliyeshtukizwa porini.

Usijinyime maji. Hili ndilo kosa linalofanywa na wagonjwa wengi, hasa akina mama na wazee, kwa aibu ya kuchimba dawa. Kujikausha humletea mwenye selimundu maumivu makali, humchosha mwenye figo dhaifu na huvuruga sukari. Isipokuwa daktari amekuwekea kiwango cha maji, kunywa kidogo kidogo njia nzima. Kama unameza kidonge cha kupunguza maji, muulize daktari kama unaweza kubadili saa ya kukimeza siku hiyo. Kubadili saa kwa ushauri ni tofauti na kukiruka kimyakimya.

Kula kwa saa ya dozi yako, si kwa saa ya basi kusimama hotelini. Kwa mwenye kuchoma insulini kabla ya kula, chakula kiwe mbele ya macho ndipo sindano ichomwe. Dalili za sukari kushuka ni jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, mapigo ya moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Kipimo kikiwa chini ya 4, au huna mashine lakini dalili zipo, toa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, upime tena. Isipopanda, rudia. Ikipanda, mgonjwa ale kitu kama mkate au ndizi. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu chochote mdomoni: mlaze ubavu na mwambie dereva aelekee kituo cha afya kilicho karibu.

Kukaa zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, hasa kwa mjamzito, mnene na aliyefanyiwa upasuaji. Kunja na kunjua vifundo vya miguu kila mara, na kila basi linaposimama, shuka utembee.

Unaweza pia kuikata safari vipande viwili. Lala Dodoma, kisha asubuhi panda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Ndani ya behewa kuna choo, na mgonjwa anaweza kusimama na kutembea.

Mzazi mwenye mtoto mgonjwa

Mabasi ya usiku, yaliyoruhusiwa tena mwaka 2023, huwafaa wengi lakini si kila mtoto. Kwa mwenye kifafa, kukosa usingizi na kuruka dozi ni mambo mawili yanayoweza kuamsha degedege. Msafirishe mchana. Likitokea, kinga kichwa chake, legeza nguo shingoni, mlaze ubavu na utazame saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Waambie abiria wasiogope: povu lile haliambukizi. Likizidi dakika tano, au likijirudia kabla hajazinduka, ni la kuwahishwa hospitali.

Mwenye selimundu avae nguo za joto tangu stendi na anywe maji mara kwa mara. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, msiendelee na safari mkisema mtafika tu. Shukeni kwenye hospitali iliyo karibu. Mwenye pumu, pampu yake ikae mfukoni mwa mzazi.

Mkifika kwenye boti

Boti za mwendo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja huchukua takriban saa mbili. Ni muda mfupi, lakini kwa mtu wa Babati ambaye maji mengi aliyoyazoea ni ya ziwa letu lenye viboko, bahari ni kitu kingine. Upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, huinua mawimbi.

Kula chakula chepesi kabla ya kupanda, usipande na njaa wala na tumbo lililojaa. Kaa katikati ya boti, sehemu ya chini, na utazame mbali kule bahari inapokutana na mbingu. Acha simu. Dawa ya kuzuia kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda, kama mfamasia atakavyokuelekeza. Ukisubiri uanze kutapika umechelewa. Nyingi huleta usingizi, na promethazini haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili. Mjamzito na mwenye kifafa wamuulize daktari kwanza.

Mwenye kisukari akitapika mfululizo asiache insulini kabisa kwa kuwa hali chakula. Apime sukari mara kwa mara, anywe kidogo kidogo, na akiteremka aende hospitali.

Kama mgonjwa anatumia kiti cha magurudumu au hawezi ngazi, fika bandarini mapema na uwaambie wahudumu wa boti kabla umati haujaanza kusukumana.

Tuliporudi

Mama aliicheza harusi, akalala mapema, na hakuruka dozi hata moja. Asubuhi ya kurudi, nilipofungua mdomo kumweleza konda, nilikuta ameshanitangulia. Alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, anamwambia kijana yule, "Mwanangu, mimi nina sukari. Nikikuita, usinione msumbufu."

Konda alimtoa kijana mmoja kiti cha mbele, akamkalisha. Njiani tulisimama kwa ajili yake mara mbili. Kila aliposhuka, watu wengine wanane au tisa walishuka nyuma yake; nao walikuwa wamejibana muda mrefu.