Maoni ya Wananchi: Kwa Nini Wengi Hunyamaza na Nini Huwafungua Kinywa

Kutoa maoni ni tendo lenye hatua nne. Kwanza mtu husikia kwamba kuna jambo linaloamuliwa. Kisha hupata nafasi ya kufika linapojadiliwa, au njia ya kuandika. Halafu hujiridhisha kwamba kusema hakutamletea aibu wala hasara. Mwisho, huamini kwamba alichosema kitafika mahali. Hatua moja ikikatika, maoni hayatoki, hata kama mtu mwenyewe anayo tele moyoni. Viongozi wanaolalamika kwamba wananchi hawajitokezi hudhani tatizo ni uvivu au kutojali, lakini utafiti wa zaidi ya nusu karne katika saikolojia ya jamii unaelekeza kidole kwingine: namna watu wanavyoulizwa.

Miji ya Thika na Ruiru inafaa kulichunguzia suala hili, kwa sababu mojawapo ya kesi zilizoweka msingi wa ushirikishwaji wa umma nchini Kenya ilitoka katika kaunti yake, Kiambu. Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi katika Ibara ya 10 kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa, na Ibara ya 196 inalitaka kila bunge la kaunti lifanye kazi zake kwa uwazi na kuwezesha umma kushiriki. Mwaka 2013, ugatuzi ukiwa ndio kwanza umeanza, Kiambu ilipitisha Sheria ya Fedha ya kupanga kodi na ada za kaunti. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2014, katika kesi inayojulikana kwa jina la Robert Gakuru na wenzake, Jaji George Odunga aliifuta sheria hiyo kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa iliuunga mkono uamuzi huo mwaka 2017.

Uzito wa hukumu hiyo uko katika maelekezo yake. Jaji alisema kuwa ushiriki uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza sharti tu, na kwamba bunge la kaunti lina wajibu wa kuwahimiza watu wajitokeze. Lisikae likingoja. Liwafuate wananchi mahali wanapokutana: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza, na kupitia redio za kitaifa na za lugha za kienyeji. Bila kutumia istilahi ya sayansi, mahakama ilikuwa imeigusa hatua ya kwanza kati ya zile nne.

Hatua hiyo, kusikia, ni ngumu zaidi mjini kuliko kijijini. Kwa sensa ya 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 490,120, ukiwa wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika ilikuwa na 251,407. Wengi wa wakazi hawa ni wapangaji waliotoka kaunti nyingine. Hawamjui chifu wala mzee wa nyumba kumi, na hawana sababu ya kupita kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kaunti ndogo. Tangazo lililochapishwa gazetini kwa Kiingereza cha kisheria, likitaja jina la mswada na mahali pa mkutano bila kusema ni ada gani itapanda, huwafikia wachache, na miongoni mwa hao ni wachache zaidi wanaotambua kwamba linawahusu. Vituo vya redio kama Inooro na Kameme huwafikia wasikilizaji wa Kikuyu, lakini Githurai, Kimbo au Makongeni kuna majirani wa lugha nyingi, na bila Kiswahili nusu ya ploti haitajua kuna nini.

Hatua ya pili ni kufika. Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012, miji hii imezidi kuwa makazi ya watu wanaofanya kazi Nairobi. Alfajiri wako steji wakingoja matatu, na jioni hurudi giza likiingia. Mkutano wa Jumanne saa nne asubuhi hauwapati. Haumpati pia mfanyakazi wa kiwandani Thika aliye zamu ya mchana. Mama mboga wa soko la Jamhuri anaweza kufika, ila kwa gharama: afunge kibanda, apoteze wateja wa siku hiyo, na sukuma wiki aliyoinunua alfajiri inyauke. Ndiyo maana chumba kilichojaa wastaafu hakithibitishi kwamba vijana hawajali. Kinachothibitika hapo ni saa ya mkutano. Mkutano wa Jumamosi alasiri, au kikao kifupi kinachofanyika sokoni penyewe, huleta watu wengine kabisa.

Mwaliko wenyewe nao una nguvu zake. Mchumi Benjamin Olken alifanya jaribio katika vijiji zaidi ya 600 nchini Indonesia, vilivyokuwa vikijenga barabara kwa fedha za umma, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007. Katika baadhi ya vijiji, mialiko ya maandishi ya mkutano wa kukagua matumizi iligawiwa mamia kwa mamia. Waliohudhuria waliongezeka, hasa watu wa kawaida wasio na vyeo kijijini. Karatasi yenye mwaliko humwambia mpokeaji jambo ambalo tangazo la jumla haliwezi kumwambia: kwamba yeye, kwa nafsi yake, anatarajiwa.

Hatua ya tatu hufanyika ndani ya ukumbi, na hapa ndipo saikolojia imechimba zaidi. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walifanya jaribio New York ambalo sasa limo katika karibu kila kitabu cha somo hilo. Mwanafunzi aliwekwa peke yake chumbani, akizungumza na wenzake kwa vipaza sauti, na ghafla akamsikia mmoja wao akishikwa na kifafa. Kati ya walioamini kwamba wao tu ndio waliosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada. Walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu waliofanya hivyo. Wajibu ulikuwa umegawanyika: kila mmoja alidhani mwingine atachukua hatua. Barazani mambo huenda hivyohivyo. Swali linaloelekezwa kwa watu mia mbili, «Mna maoni?», halimhusu yeyote. Swali lilelile likiulizwa kwa vikundi vya watu sita au wanane waliokaa pamoja, kila kikundi kikitakiwa kuleta jambo moja, humkuta kila mtu na sehemu yake.

Kuna pia hofu ya kuwa peke yako. Katika miaka ya 1950 Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na mwingine, katika kundi ambalo wengine wote walikuwa wameagizwa kujibu vibaya. Katika takribani theluthi moja ya majibu, waliojaribiwa waliufuata wingi huku jibu sahihi likiwa wazi mbele ya macho yao. Lakini Asch alipomweka mtu mmoja tu katika kundi aseme kweli, kosa hilo lilishuka hadi robo ya kiwango chake. Mpangilio wa wasemaji, basi, una uzito. Mwakilishi wadi au afisa wa fedha akianza kwa kuusifu mswada, na wazee wakafuata kwa kuunga mkono, msusi wa Kihunguro mwenye swali kuhusu ada ya leseni yake atalimeza. Mwenyekiti anayewapa nafasi kwanza watu wa kawaida, na kumshukuru hadharani wa kwanza kupinga, amewapa wote waliobaki yule mwenzi mmoja wa Asch.

Kimya chenyewe kinahitaji kuvumiliwa. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aligundua katika miaka ya 1970 kwamba walimu, wakishauliza swali, husubiri takribani sekunde moja tu kabla ya kuendelea. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka mara kadhaa, waliokosa jibu wakapungua, na wanafunzi wakaanza kuchangia bila kuitwa. Afisa anayesema «Hakuna swali? Basi tuendelee» kwa pumzi moja amejijibu mwenyewe.

Aina ya swali nayo hufungua au kufunga. «Mnasemaje kuhusu Mswada wa Fedha?» ni swali la mwanasheria. «Ada ya kibanda kwa siku ikipanda, utaipata wapi?» ni swali ambalo kila mwenye kibanda analijibu bila kufikiria mara mbili. Mtu huzungumza kwa urahisi juu ya kile anachokijua kuliko mtu mwingine yeyote chumbani.

Karatasi moja ndogo inastahili kutazamwa kwa karibu: orodha ya mahudhurio. Hupitishwa mstari kwa mstari mwanzoni mwa mkutano, na mara nyingi huwa na safu za jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na sahihi. Kaunti huihitaji ili ithibitishe kwamba mkutano ulifanyika. Lakini kwa mfanyabiashara anayetaka kulalamika juu ya wakusanyaji wa ada, karatasi hiyo ni taarifa kwamba atajulikana. Dawa yake si ghali: orodha ibaki ya mahudhurio tu, maoni yaandikwe kwenye fomu zisizo na jina na kutiwa katika sanduku lililofungwa, na fomu hizo zipatikane pia nje ya ofisi za utawala, kama vile shuleni na kwenye zahanati.

Hatua ya nne ndiyo inayoamua kama watu watarudi. Mwaka 1990 Allan Lind, Ruth Kanfer na Christopher Earley waliwapa wanafunzi kazi yenye lengo la kufikia. Kundi moja lilitoa maoni kabla lengo halijapangwa, la pili baada ya kupangwa, na la tatu halikuulizwa kitu. Kundi la kwanza liliuona utaratibu kuwa wa haki kuliko mengine. La kushangaza ni kwamba hata la pili, ambalo maneno yake hayangeweza kubadili chochote, liliridhika kuliko lile lililonyamazishwa. Binadamu huthamini kusikilizwa kwenyewe.

Matokeo hayo yana hatari yake, kwani kiongozi anaweza kutoa nafasi ya kusema ili tu kupoza watu. Sherry Arnstein alilionya hilo mwaka 1969 kwa ngazi yake ya ushiriki yenye vidato vinane: chini kabisa wananchi wanatumiwa, katikati wanaarifiwa na kuulizwa, na juu wanashika uamuzi. Utafiti wa Olken nao unaonyesha mpaka wa mikutano: mialiko iliongeza watu, lakini kilichopunguza wizi kwa kiasi kikubwa ni ukaguzi wa hesabu. Maoni hayachukui nafasi ya ukaguzi. Vyote viwili vinahitajika.

Kinachotofautisha kusikiliza kwa kweli na kupoza watu ni jibu la wazi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe Waraka wa Mkakati wa Fedha kufikia 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, mwaka wa fedha ukianza 1 Julai. Maoni yanayokusanywa Mei hukuta mengi yameshapangwa. Yanayokusanywa Januari bado yana pa kuingia. Baada ya uamuzi, ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili chepesi, ukibandikwa sokoni, steji na ofisi ya wadi: wananchi walisema haya, haya yamekubaliwa, haya yamekataliwa na sababu ni hizi. Aliyekataliwa kwa sababu iliyoelezwa ana jambo la kujibu mwaka unaofuata. Aliyepuuzwa ameshafundishwa kukaa nyumbani.