Majina Yakipungua, Je, Dhiki Imepungua?

Tarehe 22 Agosti 1996, Rais Bill Clinton wa Marekani alitia saini sheria iliyogeuza msaada wa fedha kwa familia maskini. Msaada ule, uliokuwapo tangu mwaka 1935, ulikuwa umefikia kuwa haki ya kila familia iliyotimiza masharti, na wengi wa walioupokea walikuwa akina mama waliolea watoto peke yao. Sheria mpya ilimtaka mzazi afanye kazi au ajiandae kwa kazi, na fedha za serikali kuu zisizidi miezi 60 katika umri wake wote.

Mwaka 1994 familia zilizopokea zilikuwa takriban milioni 5. Kufikia mwaka 2000 zilibaki milioni 2 na kitu. Hatukatai kwamba akina mama wengi walipata ajira, kwani uchumi wa miaka ile ulistawi. Lakini tutazame kipimo kingine: mwaka 1996, katika kila familia maskini 100 zenye watoto, 68 zilipata fedha hizo, mwaka 2020 zilikuwa 21 tu. Majina yamepungua kuliko dhiki.

Baadhi yao muda wao ulikwisha. Wengine walikatwa kwa kukosa miadi au karatasi, na wengine hawakubisha hodi tena. La kusikitisha zaidi, familia nyingi zilizotoka kwenye fedha zilipoteza pia msaada wa chakula na matibabu ya watoto, ilhali bado zilistahiki.

Wahamiaji wapya wengi walizuiwa kwa miaka 5. Wakimbizi hawakuwekewa kizuizi hicho, lakini nao walipungua katika orodha, kwani uvumi na hofu havibagui. Hili latugusa, kwa kuwa katika miaka ile ile jamaa zetu Wabarawa walikuwa wakihamia Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Mombasa.

Basi wenye ndugu huko tuwakumbushe: kukatwa fedha si kukatwa kila kitu. Mama aombe barua ya uamuzi, aulizie kila msaada peke yake, na akate rufani kabla ya siku iliyotajwa kupita. Mtoto wake asikose chakula wala daktari kwa sababu ya neno lililosikiwa njiani.