Utajuaje Kama Chombo Kinasema Kweli?

Ukitoka Mjini Unguja ukashika barabara iendayo Jozani, utapita Tunguu. Siku hizi watu wengi wanapajua kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Lakini wazee wanapakumbuka kwa jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga hapo kituo chenye milingoti na mitambo ya redio. Kazi yake ilikuwa kusikiliza vyombo vilivyochukua watu kwenda juu kuizunguka dunia. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyomfuata kwa zamu: kituo kimoja kikimwachia, kingine kikimdaka. Vituo hivyo vilipokea sauti yake, na tena vilipokea habari za mwili wake na za chombo chake zilizotumwa kwa redio.

Je, watu wa Unguja waliyaamini hayo? Wengi hawakuyaamini. Ilisemwa kwamba ni kituo cha roketi za vita, na kwamba vita vikizuka kisiwa chetu kitapigwa kabla ya vingine. Wenye kituo walijibu kwamba hapana roketi, ni masikio tu. Maneno yakabaki maneno. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya iliwataka wakiondoe, na mwaka ule ule kikaondolewa.

Nimeileta habari hii kwa sababu moja. Kituo kile kweli kilikuwa sikio. Lakini mpita njia angejuaje? Mbele ya mtambo asioujua, mtu huona njia mbili tu: kuamini yote, au kukataa yote. Kumbe iko njia ya tatu, nayo ni kuuliza: chombo hiki kimejaribiwaje? Leo nataka tuifuate njia hiyo, nami nitatumia mfano wa chombo kilichoanza safari yake katika bahari yetu hii hii, kaskazini ya Malindi.

Vitu vipitavyo katika kiganja chako

Kwanza nyosha kiganja chako, ukitazamishe juu. Huoni kitu, wala husikii kitu. Lakini katika kila sekunde chembe moja au mbili hivi zinapita ndani ya kiganja hicho, zikatoka upande wa pili, zikapita meza, zikazama ardhini. Chembe hizo huitwa myuoni. Asili yake ni chembe nyingine zenye nguvu nyingi sana, zitokazo mbali katika anga, ambazo huigonga hewa juu kabisa. Hizi zitufikiazo ni wazao wao. Zimekuwa zikiwapitia watu tangu watu walipokuwapo, na hapana aliyezijua mpaka karne ya 20 vilipoundwa vyombo vya kuzinasa.

Tena ziko nyota zitoazo eksirei, yaani mionzi ya namna ile ile itumikayo hospitali kupigia picha za mifupa. Hizo hazitufikii hapa chini, maana hewa huzizuia. Basi anayetaka kuziona hana budi kupeleka chombo chake juu ya hewa.

Chombo chenyewe kikoje? Fikiri sanduku la chuma lililojazwa gesi, lenye dirisha jembamba la madini yaitwayo berili, na ndani yake nyaya zilizotiwa umeme wa voliti nyingi. Eksirei ikipenya dirishani hugonga atomi ya gesi na kung'oa elektroni. Elektroni hizo huvutwa na waya. Zikiwa mbioni hung'oa nyingine, na hizo nyingine hung'oa nyingine tena, mpaka zinakuwa maelfu. Zikifika kwenye waya hutoa pigo dogo la umeme. Eksirei yenye nguvu hutoa pigo kubwa, na iliyo dhaifu hutoa pigo dogo. Hivyo chombo huhesabu eksirei na papo hapo hupima nguvu zake.

Mizani ya Darajani

Sasa tuje kwenye kujaribu. Nenda sokoni Darajani ukanunue samaki. Kama una mashaka na mizani ya muuzaji, utafanya nini? Kwanza utatazama kama mshale unasimama penye sufuri wakati sahani haina kitu. Kisha utaomba liwekwe jiwe la kilo moja lijulikanalo, uone kama mizani itasema kilo moja. Baada ya hapo ndipo utakubali samaki wako awekwe, ambaye uzito wake huujui.

Wataalamu wa chembe na mionzi hufanya vivyo hivyo. Huweka mbele ya chombo kipande kidogo cha madini yatoayo mionzi ambayo nguvu yake inajulikana hasa, wakatazama kama chombo kinasema nguvu ile ile. Hilo ndilo jiwe lao la kilo. Tena huondoa kila kitu, wakatazama chombo kinahesabu nini kikiachwa peke yake. Na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu chombo hiki hakisimami penye sufuri hata siku moja. Zile chembe zipitazo katika kiganja chako hupita na sandukuni, nazo hutoa mapigo. Basi lazima liwepo ungo la kupetea, chuya zitoke, mchele ubaki. Hutega vinasio vingine kuzunguka sanduku: kitu kikipiga sanduku na kinasio cha pembeni kwa wakati mmoja, hicho ni chembe mpita njia, hakihesabiwi. Tena hutazama umbo la pigo, maana pigo la chembe halifanani na la eksirei.

Kisha chombo hutikiswa kama roketi itakavyokitikisa, hutiwa joto na baridi, hufungiwa katika chumba kilichoondolewa hewa. Kikiharibika hapo, ni afadhali. Fundi yupo karibu. Kikiharibikia juu, hapana fundi wa kumwita.

Usiku na mchana katika bahari ya Ngomeni

Mwaka 1970 chombo cha namna hiyo kililetwa Ngomeni, pwani ya Kenya. Waitalia, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walikuwa wamesimamisha baharini majukwaa ya chuma yenye miguu: San Marco la kurushia roketi, na Santa Rita la kuongozea kazi. Roketi yao ya kwanza iliyopeleka setilaiti kutoka pale iliondoka tarehe 26 Aprili 1967.

Utauliza, mbona Wamarekani waliache kwao na kuja kwetu? Ni kwa sababu Ngomeni ni karibu na mstari wa ikweta. Setilaiti iizungukayo dunia juu ya ikweta hukwepa mahali ambapo chembe za angani zimejazana, hasa kusini mwa bahari ya Atlantiki. Yaani ule mchele uje na chuya chache tangu mwanzo. Tena roketi irushwayo penye ikweta husaidiwa na mzunguko wa dunia yenyewe.

Setilaiti ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi. Ilibeba seti mbili za masanduku ya gesi, zilizopeana mgongo, kila moja yenye uso wa sentimita za mraba 840. Kazi ya vinasio iliongozwa na Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Marekani. Msimamizi wa setilaiti nzima alikuwa mama mmoja, Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kukabidhiwa kazi kama hiyo katika shirika la anga la Marekani, NASA.

Usiku ule wa mwisho hesabu ya kurusha ilisimamishwa tena na tena. Kukapambazuka, jua likapanda, na joto la pwani msomaji unalijua. Hatimaye mchana wa tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliondoka. Ilikuwa sikukuu ya miaka saba ya uhuru wa Kenya, na kwa heshima hiyo Mama Townsend akaiita setilaiti ile UHURU, kwa Kiswahili chetu.

Lakini kuondoka kwa roketi si kufaulu kwa chombo. Je, sanduku halikupasuka dirisha? Gesi haikuvuja? Giacconi alisimulia baadaye kwamba yeye na Mama Townsend hawakuweza kustahimili. Waliruka katika mashua ndogo ya mpira, wakakimbilia kambi ya nchi kavu yenye mitambo ya redio, ili wawahi setilaiti itakaporudi juu yao kwa mara ya kwanza. Uhuru ilizunguka dunia kwa dakika 96 hivi. Ilipopita, waliwasha vinasio kabla ya wakati uliopangwa. Jambo hilo lilikuwa na hatari, maana voliti nyingi zikiwashwa mapema zinaweza kutoa cheche na kuunguza mitambo. Mapigo yakaja. Chombo kilikuwa kizima. Wakakizima upesi, wakangoja utaratibu wenyewe.

Tazama basi, msomaji: waliokiunda kwa mikono yao na kukijaribu kwa miaka hawakukubali kusema "kinafanya kazi" mpaka walipopokea mapigo yake.

Je, ni nyota au ni ubovu wa chombo?

Uhuru ilijigeuza taratibu, mara moja kwa dakika 12 hivi, ikapekua mbingu yote. Kabla yake wataalamu walitegemea zaidi roketi ndogo na vibofu. Roketi ile ilikaa juu ya hewa kwa dakika chache tu kisha ikaanguka, na nyota za eksirei zilizojulikana zilikuwa makumi machache. Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973, na daftari lake la mwisho lina vianzo vya eksirei 339.

Mwaka 1971 kianzo kimoja kiitwacho Centaurus X-3 kilionekana kupigapiga kila baada ya sekunde 4.8, kama moyo. Habari ya namna hii humfurahisha mjinga, lakini mtaalamu kwanza humtia shaka. Mtambo mbovu nao hupigapiga! Jawabu lilitoka mbinguni. Mapigo yale yaliharakisha kidogo na kukawia kidogo kwa mzunguko wa siku 2.1, na katika kila mzunguko eksirei zilifichika kwa muda, kisha zikarudi. Basi ikafahamika kwamba ni nyota ndogo nzito inayoizunguka nyota kubwa na kupita nyuma yake. Ubovu wa waya haujifichi nyuma ya nyota.

Kianzo kingine, Cygnus X-1, kilibadilika upesi sana, kwa muda ulio chini ya sekunde. Watu wengine wenye darubini za kawaida walitazama mahali pale pale na kukuta nyota kubwa izungukwayo na kitu kizito kisichoonekana. Hicho ndicho kilichokubaliwa kuwa shimo jeusi, ambamo hata mwanga hautoki. Na mwaka 1974 Waingereza walipeleka setilaiti yao, Ariel 5, kutoka San Marco hapo hapo, nayo ikazipima upya nyota za eksirei. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel.

Tufunze nini nyumbani?

Mambo haya si ya wataalamu peke yao. Siku hizi nyumba nyingi zina kipimo cha sukari au mashine ya kupimia shinikizo la damu, na mama wa nyumba hubadili dawa ya mzee kwa namba iliyotokea kiooni. Jizoeze kuuliza maswali matatu. Kipimo hiki kimelinganishwa na kitu gani kijulikanacho? Kinasema nini pasipo na kitu? Je, mtu mwingine akipima kwa chombo kingine, anapata yale yale? Mashine ya nyumbani ikikutisha, usitupe dawa wala usiongeze. Nenda hospitali ukailinganishe na ya kule.

Wenye mitambo nao wana wajibu wao. Haitoshi kuwaambia jirani "ni masikio tu" na kufunga lango. Waonyeshe jiwe lako la kilo. Hapo Tunguu, ambapo zamani watu waliutazama mtambo kwa mbali na kuhofu, leo wapo vijana wetu wasomao sayansi. Hao wanaweza kwenda mpaka langoni, wabishe hodi, na kuuliza: kimejaribiwaje?