Amplifaya ya kwanza ya nyumbani: wati za kwenye boksi na wati za kweli

Mtu anayenunua kwa mara ya kwanza mtambo wa muziki wa nyumbani, yaani amplifaya na spika zake mbili, hukutana na namba kabla hajasikia sauti. Boksi moja limeandikwa wati 50. Jingine, la bei nafuu zaidi, limeandikwa wati 2,000 na herufi PMPO pembeni. Ni rahisi kudhani kwamba la pili lina nguvu mara 40 kuliko la kwanza. Huenda likawa dhaifu kuliko hilo la kwanza.

PMPO ni hesabu ya kishindo cha kitambo kidogo mno, na kila mtengenezaji huikokotoa apendavyo. Kipimo cha kutegemewa ni wati ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo, kwa kila spika, bila sauti kuharibika. Mara nyingi kipimo hicho huandikwa RMS na kuambatana na idadi ya omu. Kutia chumvi katika namba hizi ni tabia ya zamani: mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ililazimika kutunga kanuni ya kuwataka watengenezaji wataje nguvu ya mfululizo katika matangazo yao.

Pale ambapo RMS haikutajwa popote, mnunuzi ageuze kifaa na kusoma kibandiko cha nyuma, penye wati ambazo kifaa hutumia kutoka kwenye umeme wa nyumba. Hakuna mashine inayotoa kwa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia. Kifaa kinachokula wati 40 hakiwezi kutoa 2,000, hata boksi lake lipambwe vipi.

Je, wati ngapi zinatosha? Jibu limo katika spika, na ndiyo maana spika huchaguliwa kwanza. Kila spika nzuri huandikiwa desibeli inazotoa kwa wati moja, ukiisikiliza kutoka umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 88 kwa wati moja tu hutoa sauti kubwa kiasi kwamba wazungumzaji wawili hulazimika kuinua sauti zao. Kuongeza desibeli tatu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kushangazwa, huhitaji wati mara mbili. Ili muziki usikike kama umeongezeka maradufu, huhitajika wati takriban mara kumi. Kwa hiyo kulipa fedha nyingi zaidi ili kutoka wati 50 hadi 100 hakubadilishi mengi sebuleni, ilhali kuchagua spika ya desibeli 91 badala ya 88 huleta ongezeko lilelile la sauti bila kubadilisha amplifaya.

Mfano unaokumbukwa na wapenzi wa muziki ni NAD 3020, amplifaya iliyotoka mwaka 1978. Iliandikiwa wati 20 tu kwa kila upande, haikuwa na mapambo, na bei yake ilikuwa ya kawaida. Hata hivyo iliuzwa kwa wingi mno, kwa sababu wati zake zilikuwa za kweli na ilistahimili spika ngumu kuendeshwa.

Ugumu huo hutokana na ukinzani, unaopimwa kwa omu. Spika nyingi za nyumbani ni za omu 8, 6 au 4, na kadiri omu zinavyopungua ndivyo amplifaya inavyotakiwa kutoa mkondo mkubwa zaidi. Hapa ndipo sherehe za nyumbani zinapoishia gizani: mwenye mtambo huazima spika mbili za jirani, akaziunga kwenye nyaya zilezile. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa mzigo wa omu 4, na amplifaya isiyoundwa kwa mzigo huo hupata moto, ikazimika au ikaungua. Hatari nyingine, ambayo wengi huifikiria kinyume, ni kulazimisha amplifaya ndogo ipige kwa nguvu isiyo nayo. Vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, muziki hukwaruza, na kinachoungua kwanza mara nyingi ni ile spika ndogo ya sauti nyembamba.

Kwa wanaonunua vifaa vilivyotumika nje ya nchi, kuna jambo la kukaguliwa kabla ya yote hayo. Umeme wa majumbani nchini Japani ni volti 100, na Marekani ni 120. Katika nchi za Afrika Mashariki ni kati ya 220 na 240. Amplifaya ya volti 100 ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa hapa huweza kuungua papo hapo. Baadhi zina swichi ya kubadilishia volti. Zisizo nayo huhitaji transfoma ya kushusha umeme, na gharama yake ijumlishwe kwenye bei.

Amplifaya iliyotumika isikilizwe dukani bila muziki kwanza. Kitasa cha sauti kikikwaruza kinapozungushwa, mara nyingi ni vumbi tu, na fundi atakisafisha. Mvumo mzito usiokoma, hata sauti ikishushwa kabisa, mara nyingi huashiria kapasita zilizochakaa, na hapo bei inastahili kujadiliwa upya.