Soko la Tingatinga: sheria inalinda picha, mtindo hauna mwenyewe

Kwenye maduka ya kumbukumbu ya Mji Mkongwe, Zanzibar, chui ni yule yule: madoa makubwa, macho ya duara, nyuma yake rangi moja iliyokolea. Mtalii akiuliza nani kachora, hujibiwa, "Tingatinga." Jibu la ajabu kidogo, maana Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972.

Mzaliwa huyo wa Tunduru alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za madukani, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, akiuza eneo la Morogoro Stores, Oysterbay. Miaka minne tu, kisha polisi wakampiga risasi wakimdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake ndio waliogeuza kazi ya mtu mmoja kuwa biashara, na mwaka 1990 wakaunda ushirika.

Biashara hiyo imejengwa juu ya kuigana. Kijana hufunzwa kwa kujaza rangi kwenye picha ya mkubwa wake, na picha iliyouzika leo kesho itachorwa tena na jirani. Hapo ndipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya 1999 inapopata kazi ngumu. Inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na ulinzi huanza bila hata kusajili. Lakini inacholinda ni picha yenyewe. Namna ya kuchora haina mwenyewe. Hata mfululizo wa katuni za watoto, Tinga Tinga Tales, ulitengenezwa Nairobi kwa sura hiyo hiyo na kurushwa Uingereza kuanzia 2010. Ulinzi wa kazi za mwanzilishi mwenyewe, hata kwa kipindi hicho cha miaka 50, ulifika kikomo mwishoni mwa 2022.

Sheria hiyo ina sehemu ya sanaa za jadi, ambapo anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili huhitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Kuiingiza Tingatinga humo ni kulazimisha: mwanzilishi anajulikana, mwaka unajulikana.

Kwa maoni yangu, wachoraji wanapoteza zaidi kwenye uchapishaji kuliko kwenye kuigana. Aliyenunua picha amenunua turubai. Haki ya kuichapa kwenye vikombe, fulana au kalenda inabaki kwa mchoraji mpaka aiuze kwa maandishi. Wangapi wanamwambia hivyo mnunuzi wa jumla? Na mchoraji aliyetia sahihi ya jina la mtindo badala ya lake atathibitishaje kuwa picha ni yake?

Alama ya biashara ni kinga nyingine, ila nayo ina mpaka wa bahari. Alama iliyosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) haina nguvu Zanzibar, kwenye watalii wengi. Kule kuna sheria yake na usajili wake. Hakimiliki pia ina sheria yake kule, ya mwaka 2003.

Kwa hiyo, mchoraji, weka jina lako mwenyewe kwenye picha, ipige picha kabla haijatoka mkononi, na mwenye kiwanda akitaka kuichapa, mpe bei ya uchapishaji mbali na bei ya turubai, kwa mkataba uliosainiwa.